Mkuu, Guu na Shimo

Mwezi Machi rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa fiziotherapia, alinipigia simu na ombi la ajabu kidogo. Alikuwa anatengeneza tovuti ya Kiswahili kuhusu kuzuia majeraha ya michezo, hasa soka la mchangani na michezo ya watoto wa shule, na alitaka mtu wa kumnyooshea lugha. "Dada," akaniambia, "mimi najua magoti, wewe unajua maneno. Kila mtu afanye kazi yake." Nikakubali kabla sijafikiri. Nimeandika hadithi na tahakiki miaka mingi na sijawahi kuona zikimzuia mtu yeyote kuvunjika chochote. Nikajiambia walau safari hii maneno yangu yatafanya kazi.

Rasimu zikaja, kurasa thelathini na kitu, na raha ya mwanzo ilikuwa raha ya msamiati tu. Msuli wa nyuma ya paja tuuiteje? Watangazaji wa mpira walishatupa jibu zamani: nyama za paja. Kifundo cha mguu kibaki kifundo, ingawa vijana wote wanasema enka. Ubongo unapotikiswa na pigo, vitabu vinasema mtikisiko wa ubongo, lakini mtaani mtu "kaona nyota" au "kapoteza network," halafu watu wanacheka na mpira unaendelea. Hapo nilikaa muda mrefu. Kitu ambacho lugha inakichekea ni vigumu kukiandikia onyo.

Lakini ugomvi wetu haukuanzia kwenye ubongo. Ulianzia kwenye ukurasa wa mwanzo, juu kabisa, ambako rafiki yangu alikuwa ameweka picha ya kijana aliyeshika goti, na juu yake, kwa herufi nene, methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ukiitazama haraka, hakuna methali inayofaa zaidi. Ina mkuu, ina guu, ina kuvunjika. Utadhani wahenga walikuwa wameajiriwa na idara ya fiziotherapia. Nikaifuta. Akairudisha. Nikaifuta tena. Tulibishana wiki mbili, na haya ninayoyaandika ni mabaki ya ubishi ule.

Nina sababu yangu, na ni ya nyumbani. Tulikulia Morogoro. Karibu na kwetu kulikuwa na uwanja wa vumbi, magoli ya miti, mpira wa makaratasi na nailoni siku ambazo hakuna mpira wa kweli; chandimu la kawaida kabisa. Upande mmoja, karibu na pale ambapo ingekuwa kona, palikuwa na chemba ya maji machafu. Mfuniko wake wa chuma uliibwa usiku mmoja, bila shaka ukauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na shimo likabaki wazi. Kila mtu mtaani alilijua. Watu wazima walilipita wakienda kazini na kurudi. Mimi nilikuwa na miaka 14, mdogo wangu 10, na kazi yangu kila jioni ilikuwa kumwambia: usicheze upande ule. Nilimwambia vizuri, nikamwambia kwa kufoka, nikamwambia nitamsemea kwa mama.

Alitumbukia mwezi wa saba, akirudi kinyumenyume kuuwahi mpira wa juu. Mfupa wa mundi ulivunjika mahali pawili.

Sijawahi kuandika sentensi ifuatayo mahali popote. Nilipozisikia kelele na kutoka mbio, jambo la kwanza nililohisi, kabla ya hofu na kabla ya huruma, lilikuwa utamu mdogo wa kuwa sahihi. Nilimwambia. Nilimwambia! Ulidumu sekunde mbili, labda tatu, halafu nikauona mguu wake ulivyokaa, nikaanza kulia. Lakini ulikuwapo.

Jioni, mdogo wangu amelala na hogo la plasta hadi pajani, wakaja majirani kumpa pole. Kila aliyeingia, akishakaa na kupewa chai, alitikisa kichwa na kusema methali ileile. Mama aliisema. Mjumbe wa nyumba kumi aliisema, yeye ambaye kama kuna mtu mtaani alipaswa kushughulikia lile shimo, alikuwa yeye. Hakuna aliyetaja mfuniko. Mwaka uliofuata akatumbukia binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akateguka nyonga, na mimi nikaenda na mama kumpa pole, na methali ikasemwa tena, pamoja na chai. Shimo lilizibwa miaka kadhaa baadaye, si kwa ajili ya watoto. Mtu mmoja alitaka kuegesha lori pale.

Sasa tuiangalie methali yenyewe, sisi tunaopenda maneno. Haisemi kwamba asiyesikia huvunjwa guu. Inasema huvunjika. Kile kiambishi kidogo cha -ik- kimefanya kazi kubwa: kimemwondoa mtendaji. Guu linavunjika lenyewe, kama embe linavyodondoka likiiva. Na ile hu- ya mwanzo imeondoa wakati, kwa hiyo tendo halikutokea jana saa kumi na moja jioni penye shimo fulani. Hutokea, siku zote, ndivyo dunia ilivyo. Na -si- ya mwanzo kabisa imebandikwa kwa mtu mmoja tu, yule mtoto. Katika sentensi nzima ndiye pekee aliyetenda kosa. Mkuu amesema, basi kazi yake imekwisha. Shimo halimo.

Nilipomweleza rafiki yangu hivi, alicheka. "Wewe umesoma sana. Methali inamaanisha sikiliza ushauri. Basi." Na ni kweli ndivyo inavyoeleweka. Tena nikubali upande wa pili wa hiyo -ik-, maana una huruma ndani yake. Mtoto akija na kusema "mama, kikombe kimevunjika," lugha imempa mahali pa kujificha, na sote tuliwahi kujificha hapo. Wapo wanaovunjika kweli bila mtu kuwavunja: uwanja safi, kocha makini, mwili umepashwa joto, goti linageuka vibaya hewani na ndiyo basi. Lugha isiyo na nafasi ya ajali ingekuwa lugha katili. Swali langu ni nani anapewa huruma hiyo. Kwetu siku ile alipewa mwenye shimo, na mwenye guu akapewa lawama.

Rafiki yangu si mtu wa kushindwa kwa sarufi, kwa hiyo akanipa masomo. Akanitumia yale aliyokuwa akijifunza kutoka nchi zilizotangulia katika kazi hii, na nikasoma kwa wiki nzima, usiku, nikiwa na kamusi ya tiba pembeni.

Wanorwe wana tovuti inayoitwa Skadefri, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "bila majeraha". Unachagua mchezo wako, au sehemu ya mwili, unaletewa mazoezi ya kuilinda. Watafiti wa Oslo pia walishiriki kutengeneza programu ya kupasha mwili joto inayojulikana kama FIFA 11+: mazoezi 15, dakika kama 20, kukimbia taratibu, kujenga nguvu na mizani, kuruka na kutua, kisha mbio za kasi. Kuna zoezi moja la nyama za paja ambapo unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajiachia mbele polepole kama mti unaokatwa, ukijizuia kadiri unavyoweza. Nilijaribu sebuleni. Siku tatu nilishuka ngazi kwa ubavu. Programu hii ilipimwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, zaidi ya 1,800, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja. Na msiseme ni mambo ya nchi zenye nyasi. Lagos, Nigeria, ilipimwa kwa timu 20 za vijana, wachezaji 416, na utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41.

"Umeona?" akaniambia. "Maneno yanafanya kazi. Ushauri unafanya kazi."

Nikamwambia asome tena nani alifanya nini. Lagos haikuwa kwamba kila kijana alitumiwa kiungo kwenye simu akaambiwa ajisomee. Timu nzima ilifanya mazoezi pamoja, yakiwa sehemu ya ratiba. Kijana hakuhitaji kuwa msikivu kupita wenzake. Alihitaji kufika mazoezini. Hiyo si methali yetu. Ni karibu kinyume chake: mkuu amefanya jambo, na mtoto amekingwa hata kama kichwani anawaza chipsi.

Mfano mwingine ulinikaa zaidi, ingawa unatoka kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu. Katika softball, binamu wa baseball, mchezaji hukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine, na mara nyingi hujirusha na kuteleza chini ili akiwahi. Kituo cha kawaida kimepigiliwa ardhini kama kisiki. Mguu ukikifikia kwa kasi, kituo hakisogei, basi kinachosogea ni mguu. Watafiti wa Michigan, Marekani, wakaweka katika baadhi ya viwanja vituo vinavyochomoka vikigongwa kwa nguvu, vingine wakaviacha na vya kawaida, na idadi ya mechi pande zote ikawa karibu sawa. Matokeo yalitoka 1988. Penye vituo vilivyopigiliwa, majeraha ya kuteleza yalikuwa 45. Penye vituo vinavyochomoka, 2. Wachezaji ni walewale, watu wazima wa ligi za kujifurahisha, wenye vitambi vyao na ubishi wao. Hakuna aliyegeuzwa kuwa mtiifu. Kisiki kiliondolewa.

Nilipomsomea rafiki yangu habari hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo bado sina jibu lake kamili. "Dada, mimi sina hela ya kuziba mashimo ya Tanzania. Nina hela ya kulipia tovuti mwaka mmoja. Unataka ninyamaze mpaka viwanja vyote viwe na nyasi?"

Hilo ni pigo halali. Ni rahisi kwa mtu kama mimi, aliyeketi na kikombe cha kahawa, kusema ushauri ni njia ya mwenye nguvu kunawa mikono. Rafiki yangu hana nguvu hiyo ninayomshutumu nayo. Kocha wa mtaani naye hana. Mara nyingi ni fundi seremala au dereva wa bodaboda anayetoa jioni zake bure, na njumu za nusu ya timu amezinunua yeye. Ukimwambia "shimo ni jukumu lako" umemwongezea mzigo mtu pekee aliyejitokeza. Nilikesha na hilo. Sikutaka kuhamisha lawama kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa maskini mwingine nikajiona nimetenda haki.

Kilichonisaidia ni habari ya huzuni kutoka Kanada, iliyokuwa katika mafungu yaleyale aliyonitumia. Mwaka 2013, mjini Ottawa, msichana wa miaka 17 aitwaye Rowan Stringer alifariki baada ya kuumia kichwa akichezea timu ya raga ya shule yake. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba katika siku zilizotangulia mechi hiyo ya mwisho alikuwa tayari ameshagongwa kichwa, na alihisi huenda ubongo wake umetikisika. Aliwaandikia marafiki ujumbe. Na alitafuta habari mtandaoni, kwa simu yake mwenyewe. Kisha akaingia uwanjani.

Nilisimamisha kazi nilipofika hapo. Huyu hakuwa asiyesikia. Huyu alikwenda kumtafuta mkuu kwa miguu yake, saa ya hatari, na mkuu alikuwapo, ukurasa ulikuwapo. Maneno yalifika kwa msichana aliyekuwa na timu inayomtegemea. Na zaidi ya yote yalifika kwenye kiungo kilekile kilichoumia. Fikiria jambo hilo kidogo. Tunamwambia mtu: ubongo wako ukitikisika, tumia ubongo huohuo kuamua kwamba umetikisika, kisha tumia uliobaki kuwaambia wenzako kwamba hutacheza. Hakuna fundi anayeweza kutengeneza mizani ya namna hiyo, ya kupima na kupimwa kwa wakati mmoja.

Jimbo la Ontario lilitunga sheria mwaka 2018, ikapewa jina la Rowan. Wachezaji vijana, wazazi na makocha wanatakiwa kusoma maelezo kuhusu mtikisiko wa ubongo kila mwaka kabla ya kujiandikisha. Huo ndio upande wa ushauri, na upo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuufungua. Lakini sheria haikuishia hapo. Inataka kila chama cha michezo kiwe na utaratibu wa kumtoa uwanjani mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa, na utaratibu wa kumrudisha. Kumtoa. Yaani mtendaji amepatikana, ana jina la kazi, anajulikana kabla ya mechi kuanza. Kijana hahitaji tena ushujaa wa kukubali kuonekana goigoi mbele ya wenzake. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kusema hapana kwa niaba yake.

Na hiyo, nikamwambia rafiki yangu, haihitaji nyasi. Haihitaji hata koleo.

Kwa wasomaji wa fasihi, kuna kitu hapa tunakijua zamani. Ushauri kwetu ni utanzu mzima, una heshima yake. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alikuwa akimwachia wasia binti yake. Anamwita akae karibu. Anajua anasema na nani, na yule binti anajua ni nani anayesema, na kwamba huyo msemaji amebeba nusu ya mzigo wa maisha yake hadi siku ile. Unaweza kubishana na yaliyomo, na wengi wamebishana, lakini wasia ule una anwani. Ukurasa wa mtandaoni hauna. Unasema "wewe" kwa watu wote, na ndiyo maana ni rahisi sana kwa "wewe" hiyo kuteremka chini mpaka imkute mdogo kuliko wote, yule asiye na mtu wa kumrushia.

Basi tukakubaliana kanuni moja ya lugha, na ndiyo kazi pekee ninayojivunia katika tovuti ile. Kila sentensi ya onyo iulizwe: nani? "Magoli yasiyofungwa chini yanaweza kupinduka na kuua" ni kweli, lakini nani anayafunga? Andika. "Mchezaji aliyegongwa kichwa apumzike." Nani anamtoa? Andika, na iandikwe achaguliwe kabla ya mechi, asiwe kocha anayetaka ushindi kama kuna mtu mwingine. "Mwili upashwe joto." Nani anaongoza, saa ngapi, na mechi ikichelewa je? Kurasa zilirefuka. Rafiki yangu alilalamika kwamba nimegeuza maandishi yake kuwa muhtasari wa kikao. Methali ikatoka. Nafasi yake pana maneno makavu kabisa: Kocha, mwalimu, mwenye uwanja, kabla hujamwambia mtoto neno, tembea uwanja mzima, kona hadi kona.

Kabla haijafunguliwa, nilimtumia mdogo wangu. Sasa ana miaka yake, fundi magari, mguu wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia, na Jumamosi anafundisha timu ya watoto wa mtaani kwake. Nilimtumia na rasimu ya insha hii pia, kwa sababu ya ile sentensi ya utamu wa kuwa sahihi; sikutaka aisome kwa watu. Nilisubiri siku mbili nikiwa na tumbo la mtihani.

Alijibu kwa sauti, dakika nne, nyuma yake spana zinagongana. Kuhusu utamu wangu alisema alijua. "Nilikuona uso, dada. Nilikuwa chini lakini nilikuona." Akasema vilevile kwamba simwandikii vizuri, kwamba nimemfanya mtoto wa kuonewa huruma, wakati ule upande wa chemba alikuwa akiuchagua. Wachezaji wakubwa walikuwa hawapendi kwenda kule, kwa hiyo ndiko mtoto wa miaka 10 alikoweza kupata mpira. "Wewe ulikuwa na vitabu vyako. Mimi nilikuwa na ile kona." Hakutaka kona ifungwe, alisema. Alitaka mfuniko.

Niliirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Miaka yote nilidhani swali lilikuwa kati ya kumlaumu na kumhurumia.

Mwisho wa ujumbe aligusia tovuti. Picha zinakula bando, zipunguzwe. Zoezi la kuanguka kama mti watoto wamelipenda, wanashindana. Na kwenye ule ukurasa wa kutembea uwanja, pale tulipoandika shimo lifukiwe, kuna kitu tumesahau: koleo la shule liko stoo, na stoo inafungwa Ijumaa mchana. Tuandike nani anabaki na funguo.